Uzoefu wangu na Radon, programu ya kupima utata wa msimbo wa Python: kuipima fankisheni niliyokuwa naogopa kuifungua

Programu ninayoitunza hapa Amu (Lamu) hukokotoa nauli za mashua ambazo wageni hukodi kupitia nyumba kadhaa za kulala wageni: kuvuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda, kwenda Shela, Matondoni, Kipungani, na mara chache Mtangawanda katika kisiwa cha Pate. Nilipoianza kwa lugha ya Python ilikuwa na sharti moja tu, mchana au usiku. Baadaye yakaja mengine: mwenyeji au mgeni, mizigo mizito, msimu wa kusi bahari inapochafuka, na safari ya Pate wakati maji yamekupwa, maana Mkanda, mlango mwembamba wa bahari tunaoupitia, ukikosa maji chombo hulazimika kuzunguka na petroli huzidi. Kila sharti jipya nililipachika ndani ya lililotangulia, yote katika fankisheni moja, yaani kipande cha msimbo (maagizo ya programu) chenye jina na kazi yake.

Siku moja nahodha mmoja alinikuta gatini akaniambia kwa upole, “Mwanangu, yule mgeni wa jana ametozwa nauli ya usiku, na sisi tumevuka saa tisa mchana.” Nilitumia siku mbili kulitafuta kosa ambalo mwishowe lilikuwa kiunganishi kimoja cha “au” kilichokaa pasipo mahali pake. Hapo ndipo nilipoamua kuijaribu Radon.

Radon ni programu huria isiyolipiwa. Huwekwa kwa amri moja ya pip, kisakinishi cha Python, na ikishawekwa haihitaji mtandao. Ukiandika radon cc -s pamoja na jina la faili, huorodhesha kila fankisheni na kuipa alama ya utata pamoja na daraja: A ni alama 1 hadi 5, B ni 6 hadi 10, na kuendelea hadi F, inayoanzia 41. Kipimo chenyewe ni cha Thomas McCabe, aliyekichapisha mwaka 1976 kwa ajili ya kuhesabu njia huru zinazoweza kupitiwa ndani ya msimbo. Hesabu huanza na 1, kisha kila sharti, kila kitanzi cha kurudia maagizo na kila kiunganishi cha “na” au “au” huongeza 1, ilhali tawi la “vinginevyo” haliongezi kitu. McCabe alipendekeza kikomo cha 10. Fankisheni yangu ya nauli ilipata 34, daraja E.

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la kuifurahisha namba. Niliikatakata fankisheni ile vipande saba, nikaviita sehemu_a, sehemu_b na kadhalika, na vyote vikapata A. Mwenzangu ninayeshirikiana naye alipovisoma aliniuliza kama nimemwandikia fumbo, kwa sababu sasa alilazimika kurukaruka kati ya vipande saba ili ajue nauli moja ya Shela. Radon haikuwa na kosa hapo, kwa kuwa yenyewe huhesabu matawi tu na haijui iwapo jina la kipande lina maana.

Mara ya pili nilianza na karatasi kabla ya kompyuta. Niliona kwamba sehemu kubwa ya masharti yale hayakuwa maamuzi bali bei tu, nikazihamishia kwenye jedwali lenye mahali, wakati na aina ya abiria. Safari zisizowezekana nilizirudisha mlangoni kabisa, mwanzoni mwa fankisheni, badala ya kuzibeba hadi ndani. Swali la maji nikalipa fankisheni yake, mkanda_unapitika, jina ambalo hata nahodha angelielewa. Alama ya juu kabisa sasa ni 6. Utata wote haukuyeyuka, kwani mwingine umehamia katika jedwali, na bei ikikosewa humo hakuna alama itakayonionya. Kwa hiyo nimeandika majaribio ya kulikagua.

Kuna upungufu mmoja ambao mnunuzi, ingawa hapa hakuna kununua, anafaa kuujua. Masharti matatu yanayofuatana na masharti matatu yaliyopachikwa moja ndani ya jingine yote hupata alama 4, ijapokuwa msomaji huchoka zaidi na haya ya pili. Kipimo cha utata wa kiakili kilichobuniwa na kampuni ya SonarSource hutoza zaidi kadiri sharti linavyozama ndani, na kwa macho yangu hicho hukaribia zaidi uchovu wa msomaji. Hata hivyo sijaiacha Radon. Huitumia kunionyesha pa kuanzia, na nimeweka kikomo cha 10 katika flake8, programu nyingine ya kukagua msimbo wa Python, ili nisirudie mazoea yangu.

Karibu na Maulidi niliombwa niweke nauli maalumu ya Shela usiku. Niliongeza mstari mmoja katika jedwali, nikapima tena, na alama ilibaki 6.