Kurasa za kupaka rangi zimenituliza, steshenari imenirudishia presha

Naanza na onyo kwa wenzangu wa Kigoma mjini. Ukienda kuprinti kurasa za kupaka rangi za watu wazima pale Mwanga, kwenye ile steshenari ambayo foleni yake hufika mpaka barazani, usimwachie faili yule kijana wa mashine kubwa ukaenda kukaa. Simama naye bega kwa bega, uone anabonyeza nini. Mimi nilipigiwa simu na mteja, nikatoka nje kidogo, niliporudi kazi ilikuwa imeshaharibika na mimi nimeshafanywa kichekesho.

Ilikuwa hivi. Kijana aliinua karatasi juu, watu wote wakaziona. Akauliza kwa sauti, "Nani mwenye hizi picha za chekechea?"

Nikamwambia ni zangu.

"Za mtoto wako, mama?"

"Zangu mwenyewe. Ndiyo maana nilikuomba uzitoe vizuri."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kopi za hati ya kiwanja hakucheka, na mzee huyo namshukuru mpaka leo. Kijana alipoona amepata wa kumsikiliza akaongeza, "Mama, wenzako hapa wana mikataba na barua za kazi. Hizi si za kuchezea tu?"

Nikazipokea. Kila karatasi amebana picha mbili upande mmoja, akageuza akabana nyingine mbili nyuma. Mandala, yaani ule mchoro wa duara uliojaa petali na nakshi, ambayo duara lake lilitakiwa kujaza karatasi nzima imekuwa ndogo kama kisosi. Petali za katikati, zile ambazo ndizo utamu wenyewe, zimeshikana na kuwa doa jeusi ambalo hata penseli iliyochongwa sasa hivi haiwezi kupenya. Na juu ya yote, mstari wa tona, ule wino wa unga wa mashine kubwa, umeshuka kutoka juu mpaka chini, kila ukurasa, mahali palepale.

Nikamuuliza kwa nini amefanya hivyo. Akajibu kwamba amenibania matumizi ya karatasi, amenisaidia. Nikasema sikuomba kubaniwa, nilisema picha moja karatasi moja, upande mmoja. Hapo ndipo aliponiambia neno lililonikaa kooni: "Ah, mama, mtoto hatajua."

Mtoto yupi? Nimeshakwambia hakuna mtoto! Na hata kama angekuwepo, nani kasema mtoto apewe kitu kibovu kwa sababu hawezi kulalamika? Nikalipa, maana alisema karatasi zimeshatumika, nikaondoka mikono inatetemeka. Kitu nilichokifuata ili nitulie kimenipandisha presha kuliko siku nzima ya kazi.

Niseme kwa nini nimekasirika kiasi hiki. Mimi ni wakala wa pesa, nipo Kibirizi karibu na wanaposhushia dagaa. Siku nzima nahesabu pesa ambazo si zangu. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa wavuvi wasivue kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wateja wangu wengi walipotea kwa mpigo. Sipingi samaki kupewa nafasi wazaliane. Ila aliyekaa kwenye kibanda akisubiri mtu wa kutoa hata elfu mbili anajua miezi ile ilikuwaje. Usiku nalala naihesabu floti, yaani pesa ya kuendeshea uwakala, kichwani, naipanga, naipangua, mpaka jogoo anawika sijafumba jicho.

Mdogo wangu aliye Arusha ndiye aliyenitumia faili la PDF kwa WhatsApp. Maua, ndege, mandala, na mirabamiraba iliyopitana kama ilivyosukwa. Akaniambia, "Dada, kabla ya kulala weka simu mbali, paka hata kipande kimoja." Nikaanza na penseli za rangi za boksi la kawaida.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajajaribu akanielewa. Ukishika penseli, kichwa chote kinabaki na swali moja dogo: hapa niweke kijani au zambarau? Swali lina jibu, na ukijibu vyovyote hakuna atakayekuja kudai. Mistari imeshachorwa, hujaulizwa uanzie wapi. Unapaka taratibu, kwanza kwa mkono mwepesi, unarudia juu yake mpaka rangi ikolee, unasikia penseli inavyokwaruza karatasi. Bila kujua, mabega yameshuka. Pumzi imeshuka. Floti umeisahau.

Na hili si la kwangu peke yangu. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, walichukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kwanza kwa kuwaandikisha jambo lililowahi kuwaogopesha, kisha wakawagawa. Wengine walipaka rangi mandala, wengine mchoro wa mirabamiraba, wengine wakapewa karatasi tupu wajipangie wenyewe. Wa mandala na wa mirabamiraba wasiwasi wao ulishuka karibu sawa. Wa karatasi tupu hawakupata nafuu hiyo. Maana yake mpangilio ule wa mistari ndio unaofanya kazi, mchoro wenye mambo mengi ya kukushughulisha lakini bado unawezekana. Sasa wewe kijana ukinibanisha mandala mpaka petali zinakuwa doa, umeniachia nini? Umetoa dawa ukanipa kifungashio!

Nimesema dawa kwa hasira, nirudi nyuma kidogo. Kupaka rangi si matibabu. Iko tiba ya sanaa inayofanywa na mtaalamu aliyesomea, anayekaa na mtu na kumsikiliza, na kurasa za kuprinti haziwezi kushika nafasi yake. Mwenye huzuni nzito, mwenye mawazo ya kujidhuru, aende hospitali, asipoteze muda na penseli. Mimi nazungumzia uchovu wa kawaida wa mtu anayetafuta riziki.

Wapo pia wanaosema mistari ya kuchorewa inaua ubunifu, kwamba mtu mzima achore chake. Kwangu imekuwa kinyume. Maua yale ya kwenye PDF ni ya Ulaya, siyajui hata majina, kwa hiyo nikaacha kuyatafutia rangi zake na kuanza kuyapa rangi za vitenge vinavyoning'inia sokoni Mwanga: zambarau na chungwa, bluu na njano ya embe lililoiva, kijani cha chupa. Baadaye nikaona ukurasa una pembe tupu, nikauzungushia pindo kama la khanga, nikaliachia ua la katikati liwe mji. Siku moja nikageuza karatasi nikachora mtumbwi wa dagaa na taa zake, mwenyewe, bila mstari wa mtu. Mimi ambaye tangu shule sijawahi kuchora chochote zaidi ya ramani ya Tanzania.

Na ninyi mnaocheka, nawauliza. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka mbao zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, chui wake alikuwa nini kama si umbo moja lililojazwa madoa, doa kwa doa, kwa subira? Wageni wakanunua, na wanafunzi wake wakaendelea na kazi hiyo baada ya yeye kufariki mwaka 1972. Hiyo nayo ni chekechea?

Basi, baada ya tukio lile nikaapa sirudi. Nikaenda kwa jirani yao, kibanda kidogo chenye printa ya wino wa maji. Mama wa pale ni mpole, anakukaribisha vizuri, picha ikatoka kubwa na safi. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu za rangi za maji. Nikagusa petali ya kwanza kwa njano, na mstari mweusi ukafunguka palepale. Weusi ukaanza kuifuata njano polepole, ukaingia mpaka katikati, petali nzima ikawa rangi ya tope. Nikajaribu nyingine kwa kubonyeza kidogo tu, yaleyale. Kwa penseli kavu haina shida, ila kwa kalamu zenye majimaji usijaribu. Mashine kubwa za tona mstari wake haulowi namna hiyo, na kwa hapa karibu yangu mashine hiyo wanayo walewale walionicheka.

Nikarudi. Nikamkuta binti, kijana hayupo. Nikajiandaa kwa vita, nimeshapanga na maneno. Binti akafungua faili, akaangalia, akasema, "Mama, hizi A4 za kawaida wino wa makapeni utatokea upande wa pili. Nikutolee kwenye manila?" Akaikata manila vipande vya ukubwa wa A4, akavipitisha trei ya pembeni kimoja kimoja ili visikwame, akaprinti ukurasa mmoja kwanza, akanipa niukague ndiyo aendelee. Akaniuliza pia kama niachiwe nafasi pembeni ya kushikia. Wala hakuuliza ni za nani.

Jamani, ile manila! Penseli inashika, unaweza kurudia rangi tabaka juu ya tabaka na karatasi haichuni. Makapeni hayapenyi. Ni ghali kuliko karatasi ya kawaida lakini ukurasa mmoja unakaa nao usiku kadhaa, kwa hiyo sioni hasara. Nilitoka pale nimefurahi mpaka nikamnunulia binti soda, na nikaandika maoni haya kwa mara ya kwanza nikiwa nimewapa nyota nne. Nilisema kijana alikuwa na siku mbaya, kila mtu anazo, tusimhukumu mtu kwa neno moja.

Ningeyaacha hivyo. Lakini juzijuzi nimepita pale na mteja wangu mkubwa, mfanyabiashara wa mawese anayeniamini na pesa nyingi, na yule kijana akapaza sauti kutoka ndani, "Mama Chekechea! Leo huprinti?" Mbele ya mteja wangu. Mteja akauliza ni jina gani hilo, nikabaki naeleza mambo yangu ya usiku barabarani kwa mtu ambaye hakupaswa kuyajua. Mwenye duka alikuwepo, amekaa palepale kwenye kaunta. Alitabasamu.

Kwa hiyo hapana, si siku mbaya. Na si kijana peke yake. Kama mwenye mali anatabasamu, basi hiyo ndiyo huduma yao.

Mtakaohitaji, waambieni hivi kabla hawajagusa mashine, popote mtakapokwenda: picha moja kwa karatasi moja, upande mmoja, ukubwa kamili, manila, mashine ya tona, na watoe wa majaribio kwanza. Penseli nunueni zile ambazo mnaruhusiwa kuchonga moja dukani, maana zipo ambazo risasi yake imevunjika ndani kwa ndani, unachonga, inadondoka, unachonga, inadondoka, mpaka penseli inaisha hujapaka hata jani.

Kurasa zenyewe: nyota tano, na ningekuwa na sita ningetoa. Steshenari: nilikuwa nimeweka nne, nimezifuta. Nimebakiza moja, na hiyo ni ya yule binti. Akipata kazi kwingine hapa mjini anijulishe, nitamfuata na faili langu.