Brashi ya askari wa milimita 28: angalia tumbo kabla ya ncha

Wanaopaka rangi sanamu ndogo za askari, za milimita 28, za vikosi vya vita vya Tanga vya 1914 wana lalamiko moja. Wakifika kwenye macho ya askari, rangi inakauka kwenye ncha kabla brashi haijagusa uso. Lawama zote huangukia rangi, chupa nyingine ghali zaidi inanunuliwa, na shida inabaki palepale. Tatizo ni brashi yenyewe: ni ndogo mno.

Namba 000, saizi ndogo sana ambayo wengi huikimbilia, ina nywele chache na fupi. Haina tumbo, yaani ule unene ulio kati ya ncha na pete ya chuma, unaoweka rangi na kuiteremsha kidogo kidogo. Hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya Januari na Februari ni kavu na kitone cha rangi kilichoko nchani hakifiki safari yake. Namba 1 yenye nywele nzuri ina ncha kali vilevile, na tumbo lake linatosha macho yote mawili pamoja na vifungo vya koti kwa kuchovya mara moja. Kwa hiyo urefu wa mpini na uzuri wa pakiti siuangalii hata kidogo.

Ya kwanza, bila kusita: Winsor & Newton Series 7, namba 1. Nywele zake ni za kolinsky, mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche, na brashi hizi zilianza kutengenezwa 1866 kwa agizo la Malkia Victoria. Ukiikandamiza na kuiachilia, ncha inarudi yenyewe. Lakini soma maandishi ya mpini! Ipo Series 7 ya kawaida na ipo iliyoandikwa Miniature. Hiyo ya pili ina nywele fupi na tumbo dogo, na ndiyo muuzaji atakayokusukumia ukishataja sanamu ndogo. Ikatae. Pesa nyingi zimepotelea hapo kuliko kwenye brashi feki.

Ya pili ni Raphaël 8404 ya Ufaransa. Tumbo lake ni kubwa zaidi, ila nywele ni laini, na mkono ambao haujazoea utamwaga rangi shavuni. Chukua namba 0. Ya tatu, da Vinci Maestro 10 ya Ujerumani: inafaa hizo mbili zikikosekana.

Zile pakiti za nailoni kwenye maduka ya vifaa vya shule ni za gundi, vumbi la kitako cha sanamu na rangi za metali. Ncha yao hujikunja kama ndoano mapema sana.

Sasa kuhusu wauzaji. Brashi mpya huja imegandishwa kwa gundi inayoyeyuka majini, hivyo ncha kavu haikuambii lolote. Jaribio la kweli ni kuiosha ndani ya maji, kuikung'uta mara moja na kuona kama nywele zote zinakutana pointi moja. Maduka mengi mjini yanakataa kabisa glasi ya maji, na brashi ikishatoka dukani hairudishwi. Mtu anayelipia brashi ya kolinsky, pamoja na VAT ya asilimia 16, ana haki ya kuiona ikilowa. Hata bei ya 000 hupandishwa kwa kuitwa ya kitaalamu, wakati ndiyo isiyofanya kazi. Mnunuzi akikataa kununua bila maji, na wa pili akakataa, duka litatafuta glasi.

Ukishaipata, usichovye zaidi ya theluthi moja ya nywele. Rangi ikiingia ndani ya pete hukauka huko, inazitanua nywele na ncha inagawanyika sehemu mbili. Osha kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kamwe si maji ya moto, kwa sababu yanalegeza gundi inayoshika nywele. Ilaze ikauke, usiisimamishe kwa ncha kwenye kikombe. Kofia ya plastiki itupe kama huwezi kuirudisha bila kukunja nywele hata moja. Na rangi itulie kwenye sahani yenye unyevu: kopo bapa la chakula, sponji ya jikoni iliyoloweshwa, karatasi ya kuokea juu yake.