Mombasa kwa kijana mwenye pesa za kuhesabu: kisiwa kwanza, ufukwe baadaye

Kama wewe ni kijana, una siku chache na pesa za kuhesabu, ushauri wangu kuhusu Mombasa ni huu: tafuta chumba kisiwani, tembea kwa miguu, na ufukwe uuache mpaka uwe umeuona mji wenyewe. Wenzangu wengi wa Tanga hufanya kinyume. Wakishavuka Likoni tu, safari moja hadi ufukwe wa Bamburi, kaskazini ya kisiwa, wanakaa mchangani mpaka pesa ziishe, kisha wanarudi wakisema Mombasa ni bahari tu. Bahari hata Tanga ipo.

Kwa sisi tunaoingia kutoka Tanzania kwa mpaka wa Lunga Lunga, kivuko cha Likoni chenyewe tayari ni matembezi, tena abiria wa miguu halipi. Wanaolipa ni wenye magari. Mageti yakifunguliwa umati unateremka kwa pamoja, mikokoteni, wanafunzi, akina mama na vikapu vyao, na ukibahatika meli kubwa ya mizigo inaingia bandari ya Kilindini ukiwa katikati ya maji, inapita karibu hata unasoma jina lake ubavuni. Begi livae kifuani, simu iweke mfuko wa mbele, na usisimame njiani kupiga picha watu wanaposhuka.

Fort Jesus, ngome ya kale iliyo ukingoni mwa bahari, ndiyo niliyoipa muda mrefu kuliko mahali pengine, na ningeipa tena. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Wengi wetu tulikariri tarehe hizo shuleni. Ila ukiingia na mwongozaji mzuri, kuta zile zinapata watu. Wetu alikuwa kijana wa rika letu, mzaliwa wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, na alitusimulia kisa cha Yusuf bin Hasan mpaka tukasahau jua. Huyu alikuwa mtoto wa sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa, naye akapelekwa Goa, India, angali mdogo, akabatizwa, akalelewa na Wareno, kisha wakamrudisha atawale wakitarajia atawatii. Mwaka 1631 akawageuka. Akaiteka ngome kutoka ndani, akairudia dini ya wazazi wake, na Wareno walipokuja kumtoa wakashindwa. Mwaka uliofuata aliihama mwenyewe, akaingia baharini na kuendelea kuwasumbua huko. Kisa kama hicho ukikisikia umesimama juu ya ukuta, mkondo wa bahari uko chini yako, hukisahau.

Usitoke bila kuona mambo mawili. La kwanza ni michoro ya mabaharia wa Kireno iliyokuwa ukutani kwenye moja ya buruji na sasa imehifadhiwa: meli, samaki na watu, kwa rangi nyeusi na nyekundu, imechorwa na watu waliokuwa zamu wakisubiri saa zipite. La pili ni ile njia ya matao iliyochongwa ndani ya jiwe la matumbawe kuteremkia upande wa bahari. Weka kiganja ukutani, utaona matumbawe yenyewe na vijitundu vyake, na hewa humo ni ya baridi hata saa saba mchana. Pia kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo Antonio de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Mzingo ule ulianza 1696 ukaisha 1698. Waingereza nao waliigeuza ngome kuwa jela, ikabaki hivyo hadi 1958. Kiingilio hutofautiana kulingana na unakotoka, kwa hiyo pasipoti au kitambulisho usikiache chumbani. Mwongozaji naye patana naye kabla hamjaingia.

Mji wa Kale uko hapo hapo mlangoni. Wengine huingia asubuhi. Mimi napenda baada ya alasiri, jua likiwa limelegea na watu wametoka barazani. Fuata Ndia Kuu taratibu, inua macho uone roshani za mbao na milango ya nakshi, pita Msikiti wa Mandhry, ambao ni mkongwe kuliko ngome, halafu teremka mpaka Bandari ya Kale kwenye majahazi. Huu ni mtaa wa watu wanaoishi, basi vaa nguo ya heshima na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Salamu inafungua milango kuliko pesa. Mzee mmoja muuza kahawa, dele lake juu ya makaa, nilimwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba mjukuu wangu, kisha akauliza, “Mwatoka wapi nyinyi?” Binamu yangu akamwambia Tanga. “Basi hamjatoka nyumbani. Kaeni kitako.” Tulikaa mpaka magharibi, kahawa tungu kwenye vikombe vidogo na kashata pembeni, tukisikiliza wazee wakibishana juu ya mpira na bei ya samaki. Hakuna ziara ya kulipia niliyoifurahia kama ile baraza.

Kula hapana shida. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, mchana pilau au biriani kwenye hoteli ndogo za mjini. Jioni nenda Mama Ngina Drive, kwenye mibuyu mikubwa inayotazama mlango wa bahari. Hapo vijana wa Mombasa wenyewe ndipo wanapokutana, na nadhani ndiyo sababu napapenda: hujitengi na wenyeji. Kiazi karai kikitoka kwenye mafuta, muuzaji anakipasua katikati, anamiminia ukwaju na pilipili, na unakila kingali kinaunguza vidole. Mihogo ipo, madafu yapo, na meli zinapita mbele yako bure.

Pembe za Moi Avenue, zile pembe kubwa za ndovu za bati juu ya barabara, piga picha uendelee na safari. Soko la Marikiti nenda kama unataka viungo vya kubeba nyumbani. Wapendao muziki wa usiku huenda Mtwapa, mimi haukunivuta.

Ukitoka kisiwani kwenda kaskazini, Haller Park ya Bamburi inastahili nusu siku. Zamani lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, ambayo ilivumilia ardhi ile, kisha akaleta majongoo wayatafune majani makavu yawe udongo. Udongo ukaleta miti mingine, miti ikaleta wanyama. Leo unalisha twiga kwa mkono kwenye msitu ambao umri wake ni wa binadamu wa makamo. Kwa kijana anayeambiwa kila siku kwamba mazingira yamekwisha haribika, nendeni mkaone. Ndiko pia alikopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya 2004, akaandamana na kobe mzee kama mama yake.

Sasa ufukwe. Mchanga ni mzuri, hilo sipingi, na Jomo Kenyatta Public Beach siku ya Jumapili inachangamka kweli kweli. Kilichonikera ni mwenye mashua mmoja: tulipatana bei, tulipofika kwenye miamba akasema ile ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Ubishi ulitumaliza hamu ya kutazama samaki. Tamka wazi kabla ya kupanda kwamba bei ni ya mashua nzima, kwenda na kurudi, na uulize kama ada ya hifadhi ya bahari imo au inalipwa kando. Halafu maji yakipwa huko hurudi nyuma sana, unabaki na mwani na vidimbwi vya magotini, kwa hiyo muulize mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi kabla hujapanda matatu pale kituo cha Buxton.