Wali maharage kwa mama ntilie wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo

Nimekula hapa karibu kila siku ya kazi kwa miaka mitatu, kwa hiyo sisemi ya kuonja mara moja. Ni kibanda cha turubai la bluu, mabenchi mawili na ndoo ya kunawia yenye koki. Ukishuka mwendokasi Gerezani unakwenda kwa mguu tu. Wali maharage 2,000, ukiongeza kibua 3,500, mchicha anakutilia bila kuuliza.

Maharage ndiyo hasa ya kufuata. Anayaloweka usiku, anayachemsha kwa mkaa, na tui zito halitii mpaka mwisho, moto ukishapungua, ndiyo maana halikatiki. Kibua siku nyingine anakaukia mno. Fika kabla ya saa saba na nusu, baada ya hapo unakuta ukoko, ingawa mimi ukoko naupenda.

Sasa daftari. Mama anakopesha makuli, wasukuma mikokoteni, sisi wauza maduka, kila mtu na ukurasa wake kwenye kauntabuku lenye jalada jeusi. Ukilipa anachukua rula, anapiga mstari mwekundu juu ya deni, kisha anakugeuzia daftari uone mwenyewe. Niliwahi kumuuliza kama hajadhulumiwa.

"Wapo, mwanangu. Soko lilipoungua Julai 2021 kuna waliopotea mpaka leo. Sasa nimnyime huyu aliyekaa hapa kwa kosa la yule aliyekimbia?"

Lilinichoma, maana mimi ndivyo nilivyokuwa naishi. Mchumba wangu wa kwanza tuliweka naye akiba ya kiwanja Chanika, akaondoka nayo yote na simu akazima. Tangu hapo mwanamume akinisifia gauni, kichwani naanza kupiga hesabu atakuja kuniomba shilingi ngapi. Kupenda kungepitia wapi, wakati kutwa namchunguza mtu?

Kuna kaka mmoja muuza vipuri tulikuwa tunasalimiana tu hapo benchi. Jumamosi moja mama hayupo, yupo binti yake. Akatafuta deni la yule kaka, hakuliona, akamwambia, "Kaka, wewe hudaiwi." Akamjibu, "Hebu funua nyuma, Jumanne nilikula na kijana wangu, 4,000." Akasimama pale mpaka likaonekana, akalipa. Nilikuwa na tonge mkononi, na wala hakujua kama namwangalia.

Wiki iliyofuata nikamuuliza mama habari zake. Hakumsifia. Alifungua ukurasa wake akaniachia nisome. Mistari myekundu mitupu, isipokuwa mahali pamoja deni lilikaa siku kumi na tisa, na pembeni mama ameandika kwa penseli: *mzee wake kalazwa, kaja kusema.* Halafu mstari mwekundu. Hilo "kaja kusema" nililisoma mara mbili. Yule wangu wa Chanika hakuja kusema chochote.

Najua kumwonyesha mtu deni la mwenzake si vizuri, na kwa hilo mama namlaumu, na mimi pia nina kosa. Baadaye nilimwambia yule kaka mwenyewe kwamba nimesoma ukurasa wake. Akasema, "Ungeniuliza ningekuletea daftari zima." Siku hiyo nilirudi dukani nikawa nakosea chenji. Washenga wake walifika kwetu Mbagala mwezi wa nane.

Mama arekebishe turubai, masika maji yanapita chini ya benchi na unakula miguu juu. Inzi nao wapo, hasa upande wa jalala. Kwa chakula nampa nyota nne.

Jumapili hapiki. Ukienda mara ya kwanza nenda na hela yako mkononi, daftarini unaingia akishakuzoea.