Sanduku la Wi-Fi la fundi wa Kondele: kazi safi, ila joto!

Mimi hurusha mazishi mubashara. Marehemu yuko Seme, watoto wako Marekani na Doha, na picha ikiganda simu zote zinaniangukia mimi. Jenereta ya wenye tenti si ya kutegemea: padri akianza ibada inazimwa ili asikike.

Basi nikaenda kwa fundi mmoja hapa Kondele, Kisumu. Kwa shilingi 16,500 alinitengenezea ruta ya 4G, betri ya amp-saa 12 na antena mbili, vyote ndani ya sanduku la plastiki. Mteja aliyenitangulia alitaka la chuma. "Hilo litakula netiweki, mzee," fundi akamwambia, akaendelea kuchomelea nyaya.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuweka inveta. Ruta inataka volti 12, betri ina 12.8, ya nini kupandisha hadi 240 halafu adapta ishushe tena, umeme mwingine ukipotelea njiani? Kati ya betri na ruta ameweka kidude cha kushikilia volti 12, maana betri hii ikichajiwa hufika 14.6, na si kila ruta inavumilia. Fyuzi ameifunga pale pale kwenye ncha ya chanya. Hapo nilijua huyu anaijua kazi.

Betri ni ya lithiamu na fosfati ya chuma. Ile ya asidi ukizoea kuinyonya kupita nusu, inakufa mapema. Hii unaikamua karibu yote. Ina kama wati-saa 150, ruta yangu inakula wati nane hivi, kwa hiyo mkesha wote na mazishi ya kesho yake vinapita bila chaja.

Sasa lawama. Sanduku halina pa kupumulia. Nyakach, jua la saa saba, ruta ilijizima katikati ya wasifu wa marehemu, na ikabidi nilifungue nililaze kivulini. Fundi alitoboa matundu baadaye, bure, lakini upande wa juu! Na mvua yetu hii? Nimeyaziba kwa gundi, nikatoboa mengine pembeni, chini ya kingo.

Pia usilipie kile kipimo cha volti anachouza kando. Volti za betri hii hukaa palepale, kisha huporomoka ghafla mwishoni, kwa hiyo hakikuambii chaji iliyobaki.

Ukienda, dai matundu ya pembeni kabla hajafunga, na chaja ya lithiamu yenyewe, si ya betri ya gari.