Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: mlima sina shida nao, shida yangu zipu

Mlima naupa nyota zote. Waliotupandisha siwapi hata moja, nasema mapema kabisa.

Tulipanda mwaka juzi kipindi cha kiangazi, Wabongo watatu na wageni wanne, kampuni ya Moshi siitaji. Marangu tuliichagua kwa sababu ya vibanda, njia zingine zote unalala kwenye hema. Siku mbili za mwanzo raha tupu, msitu mbichi, halafu nyasi, halafu baridi ikaanza.

Sasa hiyo slipingi begi ya kukodi. Pale ofisini niliomba niifungue niiangalie nikaambiwa dada ziko poa zote, twende gari linasubiri. Nimefika vibanda vya Horombo, mita 3,720, usiku navuta zipu, kile kichwa chake kikabaki mkononi na meno yote yakaachia toka miguuni mpaka kifuani. Nikaenda na kile kichuma kiganjani kumwonyesha mwongozaji mkuu, akanitazama akasema mbele ya watu, "Dada, ulitegemea huku kuna joto? Nyie Wabongo mnalipa kidogo halafu mnataka mambo ya kizungu." Wageni walikuwa na mabegi mapya, nimeyaona kwa macho yangu. Na hiyo bei ndogo anayoisema ni ya kiingilio cha hifadhi, ni haki yangu kama raia, sio hela yake, kampuni nimeilipa sawa na wenzangu!

Horombo tulilala siku mbili ili mwili uzoee, mwenzangu analala mimi natetemeka. Vibanda vya Kibo ndio usiseme, mita 4,720, kulala kwenyewe masaa machache maana saa sita usiku mnaanza kupanda, ile changarawe ikiwa imeganda inashika mguu kidogo, jua likitoka unapiga hatua mbili unarudi moja. Kufika pango la Hans Meyer nimeshaisha. Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, nimefika, jua linatokea upande wa Mawenzi, mlima wote mweusi na pembeni kama moto, nililia. Mwongozaji msaidizi akaniangalia midomo akasema dada yangu tunashuka. Alikuwa sahihi kabisa, simlaumu. Ila kilele cha Uhuru, mita 5,895, ilikuwa imebaki kuzunguka tu ukingo wa kreta, na mimi nimerudishwa na kukosa usingizi siku tatu, sio na mlima.

Halafu nikisema sitoi hata nyota moja nakuwa nawaonea wagumu, wale wabeba mizigo. Kuna kijana mmoja wa Rombo, tangu asubuhi kabeba mzigo kichwani, pale Kibo aliposikia habari yangu akaleta shuka lake, akanizungushia juu ya begi akalifunga kwa kamba za viatu, akasema lala dada. Yeye sijui alijifunika nini. Tipu yake nilimpa mkononi, sikupitisha kwa bosi wake. Kwa hiyo sawa, nyota mbili, na zote ni za wagumu na yule msaidizi.

Nilishasema sipandi tena. Napanda. Safari hii njia ya Machame siku saba, unapanda mpaka Lava Tower mita 4,600 unashuka kulala Barranco chini zaidi, mwili unazoea vizuri. Begi nimeshanunua la mtumba pale soko la Memorial, nimesimama kwa muuzaji nikafungua na kufunga ile zipu mpaka akanuna.