Ziara ya nyumba za Sayyida Salme, Unguja: nyota tatu kwa mtembezaji, tano kwa Mtoni

Juzi nilikwenda Unguja na mpwa wangu wa kidato cha pili. Tulilipia ziara ya nusu siku: Mtoni, Kidichi, halafu Mji Mkongwe.

Mtoni ndiko kulikonishika. Salme alizaliwa hapo mwaka 1844, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na suria wake Jilfidan, Mcherkesi wa Kaukazi. Leo ni magofu ya kuta kando ya bahari. Katika kumbukumbu zake anausimulia ua wenye tausi, swala na mbuni, na jumba lililojaa watu. Ukikaa kimya kidogo unaanza kuuona. Sisi hatukukaa, robo saa tu, dereva akapiga honi.

Kidichi ni hamamu, nyumba ya kuogea, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Nakshi zake nzuri, ila kwa habari za Salme ungeweza kuiruka.

Kero yangu ni masimulizi. Mtembezaji alishikilia mapenzi na Mjerumani, basi. Sawa, mwaka 1866 Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, mwaka uliofuata akabatizwa Emily na kuolewa na Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Lakini mume alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu ugenini. Hilo hakuligusa. Mpwa wangu akauliza: "Mjomba, kama wasichana walifundishwa kusoma tu, kitabu alikiandikaje?" Mtembezaji akacheka, akatuelekeza kwenye gari.

Nikamjibu mimi, tumebanana kiti cha nyuma. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndio uliokuwa ubao wa watoto siku hizo. Mwaka 1859, kabinti ka miaka 15, alikuwa karani wa kaka yake Barghash katika njama za kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Mtoto alinyamaza mpaka Darajani, na huyu si mtoto wa kunyamaza.

Mkienda, ombeni ziara ya Kiswahili na semeni mapema kwamba mnamtaka mwandishi, si bibi harusi. Bebeni kitambulisho mpate bei ya wakazi. Mimi nilisahau changu hotelini, nikalipa kama mgeni.